Umekula, Dani?

Kila Ijumaa alasiri, nyumba ya Nyanchama kule Oruba, mjini Migori, ilichangamka kuliko soko. Nyanchama, ambaye aliuza ndizi za Kisii, alifunga kibanda chake mapema ili kila kitu kiwe tayari kabla jua halijazama. Maharagwe yalichemshwa, chapati zikapikwa, viatu vikapigwa rangi, kwa maana Sabato ikishaingia hakuna cha kupika wala kufua. Kila mtu alikuwa na kazi yake. Binti yake Nyatichi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alipaswa kupiga pasi, lakini siku hiyo pasi ilikuwa inapoa naye alikuwa amezama katika daftari.

"Tisa!" alisema kwa uchungu. "Mama, tuna tisa tu. Levi na Oliver wana kumi na tano."

"Kumi na tano za nini?" Nyanchama aliuliza akigeuza chapati.

"Nyumba, mama. Nyumba walizozuru."

"Na wenye hizo nyumba, wanaendeleaje?"

Nyatichi alirudi kufunua kurasa za daftari. Naye si mtoto wa kukosa jibu. Shuleni alikuwa wa kwanza kuinua mkono hata kabla swali halijaisha, na kanisani alikariri mafungu ya Biblia bila kumeza mate. Aliichukua pasi yake akaendelea na kazi.

Nyumba alizozihesabu zilikuwa za kikundi cha watoto cha kuzuru wagonjwa na wazee. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Rael, ambaye siku za kazi alikuwa muuguzi na siku ya Sabato alifundisha watoto. Mwalimu Rael alikuwa na masharti yake. Kwanza, hakuna mtoto kwenda peke yake. Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na watoto wa Oruba hawawezi kujifanya wanajua kazi kuliko Yeye. Pili, wakishaingia kwa mtu, mmoja ni mdomo na mwingine ni macho. Wa mdomo anasoma, anaimba na kuomba. Wa macho ananyamaza, anatazama na kuuliza maswali machache. Tatu, wakitoka wanakaa nje mahali fulani, kila mmoja anaandika mstari wake katika daftari, na kila mmoja anatia jina lake mwenyewe.

Mwezi wa nane watoto wa makanisa mengi wangekutana kambini Homa Bay. Wawili waliohudumu vizuri kuliko wote wangeingia uwanjani mbele, wamebeba bendera ya Migori. Mwalimu Rael alisema "vizuri." Nyatichi alisikia "nyingi." Tangu siku hiyo alikuwa akiiota bendera hiyo mchana kweupe.

Shida yake, kama alivyoiona yeye, ilikuwa mwenzake.

Mwenzake aliitwa Damaris. Alikuwa ametoka Kegonga mwezi wa kwanza kuja kuishi na shangazi yake. Nyumbani kwao walizungumza Kikuria, kwa hiyo Kiswahili chake kilitoka polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wakienda kuzuru, Nyatichi ndiye aliyekuwa mdomo kila mara. Hakuna aliyewapangia hivyo. Alikuwa tu ameshaanza kusema kabla Damaris hajavua viatu.

Sabato hiyo mchana walikwenda kwa Dani Dorah. Dani kwa Kijaluo ni nyanya, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mjane, alikaa katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho, na miguu yake ilikuwa imevimba hata hakuweza tena kutembea mpaka kanisani. Habari zote za kanisa alizipata kwa watoto.

"Karibuni, nyithinda," alisema, akiwaita "watoto wangu" kwa Kijaluo. "Nyinyi ndio masikio yangu. Niambieni, leo mchungaji alisema nini?"

Nyatichi alimsimulia mahubiri, akasoma zaburi, akaimba beti tatu na kuomba. Ilikuwa kazi safi, na muda haukuwa umekwenda sana. Alikuwa ameshaokota viatu vyake Damaris alipouliza, polepole:

"Dani, umekula?"

Nyatichi alitamani ardhi ipasuke. Swali hilo Damaris aliliuliza katika kila nyumba, bila haya.

"Nimekula, nyathina, mtoto wangu," Dani Dorah alijibu akitabasamu. "Viazi vitamu kidogo na chai ya rangi."

"Maji je?"

Maji yalikuwa nusu mtungi. Damaris alichukua dumu, akaenda mfereji wa nje, akapanga foleni. Nyatichi alingoja. Alihesabu mabati ya paa mara nne. Nyumba mbili nzima zilikuwa zinampotea hivi hivi.

Walipotoka, walikaa juu ya jiwe lililokuwa kando ya kinu.

"Damaris, kwa nini unauliza watu kama wamekula?" Nyatichi alifoka. "Watasema tumekuja kutafuta chakula!"

"Nataka kujua kama amekula," Damaris alijibu.

Nyatichi aliandika mstari wake haraka: *Tulisoma zaburi, tukaimba, tukaomba. Dani alifurahi.* Kisha akampa mwenzake daftari. Damaris aliandika muda mrefu, amebana ulimi kwenye meno. Nyatichi hakusoma alichoandika. Kusema kweli, hakuwahi kuisoma mistari ya Damaris hata siku moja.

Njiani walikutana na Levi na Oliver. Levi alikuwa na ulimi usiojua likizo.

"Mmefika ngapi? Kumi?" aliuliza. "Haki, nyinyi mnazuru watu au mnahamia kwao?"

Oliver alicheka. Damaris naye akatabasamu, kwa kuwa ilikuwa kweli kidogo. Lakini Nyatichi aliumia, na maneno hayo akalala nayo.

Jumatatu wakati wa mapumziko alimvuta Damaris pembeni ya uwanja wa shule.

"Nimepata njia," alisema. "Tugawane. Wewe nyumba zako, mimi zangu. Tutakuwa tunapata mara mbili. Kwenye daftari tutaandika tulikuwa pamoja."

"Mwalimu alisema wawili."

"Na tuko wawili! Ila tuko mahali tofauti."

"Yesu aliwatuma wawili wawili," Damaris alisema.

"Mitume hawakuwa wakishindana na Levi!"

Damaris alifikiri. Alitikisa kichwa. "Peke yangu sitaenda," alisema. "Na wewe usiende."

Lakini daftari lilikaa kwa Nyatichi. Jumatano, kengele ya mwisho ilipolia, alitoka shuleni mbiombio kabla Damaris hajafunga mkoba wake. Aliingia nyumba ya kwanza, akasoma, akaomba, akatoka. Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyeulizwa kama amekula, na hakuna dumu lililojazwa maji. Alijiona mwepesi, mwenye akili. Kabla ya saa kumi na moja alikuwa mlangoni kwa Dani Dorah.

"Nyathina!" Dani Dorah alifurahi. "Leo uko peke yako? Mwenzako yuko wapi?"

"Ana kazi, Dani," Nyatichi alisema, na uongo ukatoka laini kabisa.

Alisoma, akaimba ubeti mmoja, akaomba. Kisha akakumbuka kwamba Dani humtegemea kwa habari. Sabato iliyopita, Mzee Angwenyi, mzee wa kanisa, alikuwa ametangaza siku ya kufunga na kuombea kambi ya Homa Bay. Nyatichi alikuwa ameusikia mwanzo wa tangazo. Mwisho wake hakuusikia, kwa sababu alishatoka nje ili awe wa kwanza kwenye foleni ya watoto wa kupangiwa nyumba za kuzuru.

"Dani, Sabato hii tunafunga," alisema kwa sauti ya kuhubiri. "Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Sabato saa kumi. Hakuna kula."

"Hata mimi mzee?"

Hapo angesema, "Sijui, Dani, nitauliza." Ni maneno matatu tu. Lakini Nyatichi hakuwa na mazoea ya maneno hayo.

"Kanisa zima, Dani. Kila mtu."

Uso wa Dani Dorah ulichangamka. "Basi nitafunga," alisema. "Miaka mbili sasa nakaa hapa ndani, sijafanya kitu pamoja na wenzangu. Hii nitafanya. Asante kuniletea hiyo neno."

Nyatichi alitoka amejaa furaha. Alikaa juu ya lile jiwe akaandika mistari yake. Kisha, akiinamisha kalamu na kubana ulimi kwenye meno, akaandika mistari ya Damaris na jina la Damaris, mara tatu. Sasa walikuwa na nyumba kumi na tatu. Alipofunga daftari, kitu fulani kilimchoma moyoni, lakini alikimbia nyumbani upesi kisimchome zaidi.

Sabato ilipofika, Nyatichi na Damaris walikaa pamoja benchi la nne. Ilipotimia saa tano, kabla ya mahubiri, Mzee Angwenyi alisimama na karatasi yake.

"Nakumbusha tena kama nilivyosema Sabato iliyopita," alisema. "Leo tunafunga mpaka saa kumi. Lakini watoto wale, wajawazito wale, na wote wanaotumia dawa wale. Hasa wenye ugonjwa wa sukari. Ndugu zangu, ukimeza dawa ya sukari bila kula, unahatarisha maisha yako. Mungu hajakuomba hilo."

Damaris alimwinamia mwenzake sikioni. "Afadhali hatukumwambia Dani Dorah," alinong'ona. "Yule ana sukari."

Nyatichi alimgeukia. "Nani alikuambia?"

"Dawa ziko juu ya kabati. Asubuhi na jioni. Anakunywa chai bila sukari. Niliandika."

Nyatichi alitoa daftari, akafunua kurasa. Mstari ulikuwa pale, kwa herufi kubwa zilizolala upande: *Dani ana ugonjwa wa sukari. Dawa anameza asubuhi na jioni. Lazima ale. Maji yalikuwa nusu, sasa yamejaa.* Chini yake kulikuwa na jina la Damaris.

"Mimi nilimwambia afunge," Nyatichi alisema.

"Lini?"

"Jumatano. Nilienda peke yangu. Na jina lako... niliandika."

Damaris alimtazama. Nyatichi alingoja aambiwe mwongo, kwa kuwa hilo ndilo alilostahili. Lakini Damaris alikuwa amesimama tayari.

"Twende," alisema.

Walitoka kwa mlango wa nyuma na kukimbia. Viatu vilivyopigwa rangi jana vilijaa vumbi jekundu. Walipita soko, wakapita kinu, na mlango wa Dani Dorah waliukuta umerudishwa tu.

Dani Dorah alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda. Gauni lake jeupe la Sabato lilikuwa limelowa jasho. Mikono ilimtetemeka. Alipomwona Nyatichi, alimwita kwa jina ambalo hawakulijua, akataka kuinuka, akashindwa.

Nyatichi aliganda mlangoni. Aliyajua mafungu mengi ya Biblia, lakini wakati huo hata moja halikumjia.

Damaris alipiga magoti. "Dani, umekula?"

Dani Dorah alitikisa kichwa.

"Dawa umemeza?"

Akanyoosha kidole kwenye kabati. Damaris aligeuka. "Sukari yake imeshuka. Nyanya yangu wa Kegonga alikuwa hivi hivi. Anataka kitu tamu. Sasa hivi!"

Nyatichi alifungua makopo yote. Kulikuwa na chumvi, majani ya chai na unga wa wimbi. Sukari haikuwepo, na ingekuwepo vipi katika nyumba ya mtu asiyeitumia? Alitoka nje mbio hadi duka la Nyamongo. Limefungwa. Nyamongo mwenyewe alikuwa kanisani, akiimba besi. Nyatichi aligonga mlango wa jirani kwa ngumi mbili.

Mwenye nyumba, mwanamke aliyeitwa Cate, alitoka na mikono yenye povu. Yeye alikuwa Mkatoliki na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kufua.

"Sukari! Mama, naomba sukari, ni ya Dani Dorah, amezidiwa!"

Cate hakuuliza swali. Alirudi ndani, akamsukumia mkebe mzima.

Damaris alikuwa ameshaandaa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai. Kwanza alimpa Dani tone la maji aone kama anaweza kumeza. Akameza. Damaris akakoroga sukari vijiko vitatu, akaanza kumnywesha kidogo kidogo, huku amemshika kichwa.

"Wewe kimbia kwa Mwalimu Rael," alisema bila kugeuka. "Wewe una miguu na una mdomo. Mimi nitabaki."

"Nikikuacha na akizimia?"

"Ndiyo maana tuko wawili! Kimbia!"

Nyatichi alikimbia. Kwa miezi miwili alikuwa ameota kuingia mbele ya watu wote wakimtazama. Sasa aliingia hivyo hivyo. Alipita katikati ya mabenchi, mahubiri yakiendelea, nywele zimesimama, soksi moja imeshuka, na watu wote wakamgeukia.

"Mwalimu Rael," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Dani Dorah amezidiwa. Amefunga na ana sukari. Ni mimi niliyemwambia afunge."

Mwalimu Rael alikuwa ameshashika mkoba wake kabla sentensi haijaisha. Nje, kijana aliyeitwa Motari aliwasha pikipiki yake, na mwalimu akapanda. Nyatichi aliwafuata kwa miguu, analia na kukimbia kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu sana kulifanya.

Alipofika kinuni alisikia sauti kutoka ndani. Alisimama asikilize vizuri.

"Huyu mtoto ni mtoto gani?" Dani Dorah alikuwa akisema. "Siku ya kufunga ananilisha sukari kama harusi!"

Nyatichi aliegemea ukuta akacheka. Ndani, Mwalimu Rael alikuwa amemchoma Dani kidole na kusoma kipimo chake. Sukari ilikuwa inapanda. Cate alikuwa ameleta uji na ndizi mbivu, na Dani alikuwa anakula. Damaris bado alikuwa ameshika kijiko, kana kwamba mtu akijaribu kumnyang'anya angepigana.

"Angekaa peke yake dakika chache tu zaidi," Mwalimu Rael alisema, "tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Dani Dorah alipelekwa kituo cha afya akachunguzwe. Jua lilipotua alikuwa amesharudishwa nyumbani, analalamika kwamba chai ya huko haina ladha.

Kesho yake Nyatichi alikwenda kwa Mwalimu Rael na daftari mkononi. Damaris alikwenda naye. Hakuitwa, alikwenda tu. Nyatichi alieleza yote: nyumba tatu za Jumatano, tangazo ambalo hakulisikia hadi mwisho, jina alilolighushi. Alieleza bila kupunguza, na hiyo haikuwa rahisi. Kisha akachukua kalamu na rula, akapiga mstari juu ya nyumba tatu.

"Zinabaki kumi," alisema.

Mwalimu Rael alifunua daftari kutoka mwanzo. Alisoma mistari ya Damaris, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti. *Baba huyu hasikii sikio la kushoto, kaa kulia kwake. Mama huyu ameishiwa kuni. Mtoto anakohoa wiki mbili sasa, tumemwambia mama yake aende kliniki.* Nyatichi alisikiliza kama mtu anayetembezwa katika nyumba ambazo hajawahi kuingia. Na alikuwa ameingia zote.

"Nisamehe," alimwambia Damaris. "Jina lako sikuwa na haki nalo."

"Hata hukuliandika vizuri," Damaris alisema. "Lilitoka jembamba. Lakini nimekusamehe."

"Bendera watabeba Levi na Oliver," Mwalimu Rael alisema. "Hapo hakuna mjadala. Mwongo haendi mbele ya wenzake kwa sababu amelia vizuri. Na nyinyi wawili mtaendelea na kazi, ila kuanzia leo mnabadilishana. Nyatichi, mwezi mzima wewe ni macho."

Mwezi huo ulikuwa mrefu. Nyatichi aliuma midomo, akakalia mikono yake, na mara mbili alianza kukariri zaburi kabla Damaris hajafungua Biblia. Lakini polepole alianza kuona. Aliona blanketi lililotoboka, dawa zilizokwisha, barua ya mtoto aliye mbali iliyowekwa chini ya mto. Damaris naye, kwa kusoma kila wiki, Kiswahili chake kilinyooka. Wagonjwa waliipenda sauti yake, kwa kuwa haikuwa na haraka ya kwenda nyumba nyingine.

Mwezi wa nane ulifika. Kabla ya safari, Dani Dorah aliita wazee wa kanisa nyumbani kwake. Alizaliwa upande wa Homa Bay, alisema, na alitaka kwenda kambini kutoa shukrani. Basi la kanisa litampeleka, na wasichana wake wawili watamshika mkono. Kama hao hawatampandisha jukwaani, yeye hapandi. Mzee Angwenyi alijaribu kueleza utaratibu wa ratiba, lakini akaona ni kazi bure.

Siku ya kwanza, Levi na Oliver waliingia uwanjani na bendera ya Migori. Levi aliibeba vizuri, lazima tuseme kweli, kifua mbele na mdomo umefungwa, labda kwa mara ya kwanza mwaka huo. Nyatichi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Alishangaa kuona kwamba haikumuuma.

Siku ya Sabato uwanja ulijaa. Upande mmoja ulisimama mlima Got Asego, upande mwingine ziwa lilimetameta mpaka macho yakachoka. Jina la Dani Dorah lilipotajwa, alipanda jukwaani hatua kwa hatua, msichana mmoja kila upande, na watu wakaanza kuimba kabla hajafika juu.

"Mimi sina maneno mengi," alisema kwenye kipaza sauti. "Mimi ningekuwa kaburini. Lakini niko hapa, na ninaona ziwa la kwetu. Mtoto wangu huyu atawaambia."

Alimsukuma Damaris mbele.

Watu walikuwa mamia. Nyatichi aliona mwenzake akirudi hatua moja nyuma, akasogea karibu, akamshika mkono nyuma ya mgongo ambapo hakuna aliyeona. Hakusema neno, ingawa maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Damaris akaanza. Alisema polepole, neno kwa neno, na uwanja mzima ukatulia kumngoja. Alieleza habari ya dawa juu ya kabati, mkebe wa sukari, mbio za Nyatichi na mlango wa kanisa. Hakuficha kosa, wala hakulipamba. Mwisho akasema, "Mimi singeweza kukimbia na kubaki. Yeye asingeweza kubaki na kukimbia. Mungu alituhitaji wote wawili."

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, makofi, akina mama wa Migori wakapunga leso, na Nyanchama akapiga kelele, "Huyo ni wetu!" akiwaonyesha wote wawili kwa pamoja. Levi alisimama juu ya kiti akitikisa bendera, hata Oliver akamshika miguu asianguke. Damaris alikuwa analia na kucheka. Nyatichi aliruka juu kwa furaha. Hakuwa amesema hata neno moja, na hakuwahi kufurahi hivyo katika maisha yake.

Katikati ya shangwe hiyo alifanya kazi yake. Alitazama. Alimwona Dani Dorah ameketi kwenye kiti pembeni ya jukwaa, anatabasamu, lakini mkono wake umeshika ukingo wa kiti. Walikuwa wamekunywa chai alfajiri. Sasa jua lilikuwa utosini, nyimbo zilikuwa bado, na hotuba tatu zilikuwa zinangoja zamu.

Nyatichi alichuchumaa mbele yake.

"Dani, umekula?"

Dani Dorah alimtazama, kisha akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika. "Bado, nyathina. Niliogopa kusumbua watu."

Nyatichi alishuka jukwaani mbio. Alirudi na sahani ya ugali, samaki na mboga, huku Damaris akibeba maji. Hapo nyuma ya jukwaa, Dani Dorah alikula na Mwalimu Rael akaja kuketi karibu nao.

"Siku moja mlikuwa mnaniuliza kwa nini lazima muende wawili," mwalimu alisema. "Sikuwajibu vizuri. Niliwaambia tu kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili."

"Mimi nitawajibu," Dani Dorah alisema, akitoa mfupa wa samaki mdomoni. "Yule alikuja peke yake siku ya Jumatano aliniletea neno, na karibu neno liniue. Walipokuja wawili, mmoja alinisemesha na mwingine aliniona. Mtu mgonjwa anataka vyote. Na nyinyi wenyewe mnataka vyote, kwa sababu ukikosea, mwenzako yuko hapo kukushika. Msije kwangu mmoja mmoja tena. Mmesikia?"

"Tumesikia, Dani," walijibu kwa pamoja.

"Sasa nipeni chumvi."

Nyatichi alimpa chumvi. Kisha akatoa daftari, akaandika mstari wake, akatia jina lake, na akampa Damaris kalamu. Damaris alipomaliza kuandika, Nyatichi alilichukua daftari na kusoma alichoandika mwenzake, neno kwa neno, mpaka mwisho.